Ngozi imekuwa nyekundu na hujui chanzo: ubaki nyumbani, uende duka la dawa, zahanati au kwa bingwa?

Baka limejitokeza shingoni, au mapaja yamejaa vipele vinavyowaka, na hukumbuki kilichovileta. Hukula kitu kigeni. Hukumwona mdudu. Mama anasema upake mafuta ya nazi, jirani anataja tyubu iliyomponya mwanawe, na mwenzako kazini anakusihi uende hospitali kubwa ukapimwe mzio wa kila kitu. Wote wanakutakia mema, ila kila mmoja anasimulia ngozi yake, si yako.

Njia zilizo mbele yako ni nne: kubaki nyumbani ukiondoa vitu unavyovishuku, kwenda duka la dawa, kwenda zahanati au kituo cha afya, na kumwona bingwa wa ngozi. Watu wengi huchagua kwa kuangalia ukaribu na bei tu. Mimi naona kuna swali la kutangulia yote hayo: huko ninakokwenda, wana namna gani ya kujua hiki ni nini kabla ya kunipa cha kupaka?

Wekundu kwenye ngozi yetu

Picha nyingi za magonjwa ya ngozi mtandaoni zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, na hilo linawapoteza watu. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, wekundu mara nyingi huonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliokoza kuliko sehemu ya jirani. Wakati mwingine rangi haibadiliki kabisa. Kinachokujulisha ni joto, uvimbe, ukavu au muwasho. Simama karibu na dirisha mchana, linganisha sehemu hiyo na upande wa pili wa mwili, kisha gusa kwa nyuma ya kiganja chako. Sehemu iliyowaka huwa na joto kuliko nyingine.

Kwa mtu mwenye ualbino hali ni tofauti: wekundu unaonekana waziwazi na mara nyingi umeletwa na jua. Kwake yeye, kidonda au gamba lisilopona kwenye uso, masikio au mikono si jambo la kujaribia tyubu. Ni la kupelekwa kliniki mapema, kwa kuwa saratani ya ngozi hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa.

Hali ambazo hazina cha kuchagua

Kabla ya kulinganisha lolote, ziondoe hizi. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla na pumzi ikabana, nenda hospitali sasa hivi. Ngozi ikianza kuuma, kutoa malengelenge au kubabuka, huku mdomoni, machoni au sehemu za siri kukiwa na vidonda, fikiria dawa uliyoanza kumeza ndani ya wiki chache zilizopita. Dawa zinazojulikana kuleta hali hiyo ni pamoja na Septrin, nevirapini, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Dozi inayofuata isimezwe kabla daktari hajakuona. Beba pakiti na uende saa hiyo hiyo.

Madoa yasiyofifia unapoyakandamiza kwa bilauri ya kioo, yakiambatana na homa, ni dharura pia. Kama ngozi ni nyeusi, yatafute viganjani, kwenye nyayo au ndani ya kope. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu yanayopanda huku una homa, unahitaji antibiotiki ya hospitali, si mafuta. Na mtoto mwenye homa, kikohozi, macho mekundu na vipele vilivyoanzia usoni na nyuma ya masikio apelekwe kituoni siku hiyo, maana huenda ni surua.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: inaweza kutambua chanzo kwa kiasi gani, inachukua muda na fedha kiasi gani, ina madhara gani pale inapokosea, na inamfaa nani.

## Kubaki nyumbani na kuondoa unavyovishuku

Hii haina maana ya kukaa tu. Ni kazi, na ikifanywa vizuri inaweza kumpa daktari habari ambazo hakuna mashine itakayompa.

Kutambua chanzo. Vyanzo vingi vya wekundu wa ghafla viko ndani ya nyumba: sabuni ya unga iliyobaki kwenye nguo, marashi, mkufu wa bei ndogo, chuma cha mkanda kinachogusa chini ya kitovu, dawa ya nywele. Kinachowachanganya watu ni kwamba mzio wa kugusa kitu hauji papo hapo. Huweza kuchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana mtu anawalaumu kamba aliokula Jumatatu, kumbe mgomvi ni piko aliyochorwa Jumamosi.

Piko inastahili maelezo. Hina ni jani, na rangi yake ni ya machungwa hadi kahawia. Piko ni rangi ya nywele inayotumika kupata weusi ule unaopendwa kwenye harusi za Mombasa, Lamu na Zanzibar, na ndani yake mara nyingi mna kemikali iitwayo PPD ambayo ni chanzo kinachofahamika cha mzio mkali. Ngozi inaweza kuvimba na kutoa malengelenge kwa kufuata mistari ya maua yaliyochorwa. Aliyewahi kupata hivyo asiirudie, na asipake rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali hiyo hiyo, kwa kuwa mwili ukishaikataa huendelea kuikataa.

Kuna na vya shambani na vya msimu. Utomvu wa embe hubabua pembeni mwa midomo. Mafuta ya ganda la korosho huwaunguza mikono wanaobangua kwa mkono. Upupu kila aliyelima anaujua. Na wakati wa mvua, kuna kidudu chembamba, chekundu na cheusi, ambacho Kenya wanakiita Nairobi fly. Hakiumi; kina sumu mwilini, na ukikipondaponda juu ya ngozi, baada ya siku moja hivi unaamka na mstari mwekundu unaochoma, wenye malengelenge madogo. Ukikiona, kipulize kitoke, kisha osha kwa maji na sabuni.

Namna ya kufanya ni hii. Kwa wiki mbili rudi kwenye vitu vichache: maji ya kawaida yasiyo ya moto, sabuni isiyo na harufu kali, vaselini tupu, nguo za pamba zilizosuuzwa mara mbili. Ondoa kila kilicho kipya, na kila chenye harufu hata kama si kipya. Piga picha kila siku kwenye mwanga uleule. Zungushia baka mstari wa kalamu: likihama au kupotea ndani ya saa 24 na jingine kuota kwingine, hiyo ni harara ya mzio; likibaki palepale au kutanuka, ni jambo lingine. Ngozi ikitulia, rudisha kitu kimoja kimoja. Kila kitu kipake kwenye kikunjo cha kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku saba, kabla ya kukirudisha kwenye uso au mwili mzima. Hilo ni kwa vitu vya kubaki mwilini kama losheni. Sabuni na rangi ya nywele usizijaribu hivyo.

Muda na gharama. Fedha ni kidogo kuliko njia zote. Uvumilivu ni mwingi kuliko njia zote, kwa sababu ngozi iliyochokozwa haitulii siku unayoondoa kichokozi. Huchukua wiki mbili, hata tatu.

Inapokosea. Kosa la kwanza ni kuchelewa. Fangasi haiondoki kwa kubadilisha sabuni, na upele unaowasha usiku utawaingia watoto wote wa chumba kimoja. Kosa la pili ni kuongeza badala ya kupunguza: ndimu, dawa ya meno, kitunguu saumu, magadi, Jik. Ndimu juani huunguza ngozi na kuacha weusi wa wiki nyingi. Mafuta ya nazi hayana ubaya kwa ngozi iliyokauka, lakini palipochubuka na kutoa maji pasipakwe chochote cha kubahatisha.

Inamfaa nani. Mtu mzima asiye na homa wala maumivu, mwenye wekundu wa sehemu ndogo ulioanza siku chache zilizopita, na aliye tayari kuandika anachogusa.

## Duka la dawa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu wengi wetu huanzia hapa, na wengi huishia hapa.

Maduka yenyewe hayalingani. Famasi kamili iko chini ya mfamasia aliyesomea dawa. Tanzania kuna pia duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini na pembezoni wapate dawa za msingi kwa muuzaji aliyepewa mafunzo. Kuna na vibanda visivyo na sifa yoyote kati ya hizo. Kabla ya kueleza shida yako, tazama ukutani kama kuna kibali, na uulize kama mfamasia yupo.

Kutambua chanzo. Mfamasia mzuri atakuuliza maswali: umeanza lini, unawasha usiku, nani mwingine nyumbani ana hali hii, unatumia dawa gani. Kwa hayo tu anaweza kutenganisha mambo mengi ya kawaida. Muwasho wa usiku, vipele kati ya vidole na kwenye mikunjo, na watu wawili watatu wa nyumba moja wanaojikuna: huo ni upele, na atakuuzia dawa ya kupaka mwili mzima, ya watu wote, siku moja, pamoja na maelekezo ya kufua nguo na mashuka. (Muwasho ukiendelea wiki mbili tatu baada ya hapo, si lazima dawa iwe imeshindwa.) Baka la duara lenye ukingo ulioinuka na katikati safi: choa, na dawa ya fangasi kama klotrimazoli itatosha, ilimradi uendelee kupaka wiki moja au mbili baada ya baka kupotea. Harara inayohama: vidonge vya setirizini, ambavyo havilevyi kwa usingizi kama Piriton, jambo la maana kwa dereva wa bodaboda.

Mpaka wake ni kaunta. Unaonyesha mkono huku foleni iko nyuma yako; mgongo, nyayo na kinena hakuna anayeviona. Na magonjwa ya ngozi hujitambulisha kwa jinsi yalivyosambaa mwili mzima.

Muda na gharama. Hapa duka la dawa linashinda bila ubishi. Liko karibu, usiku liko wazi, hakuna kadi, hakuna nauli. Kwa mama mwenye biashara asubuhi, huo si wepesi mdogo. Gharama huja polepole, tyubu baada ya tyubu.

Inapokosea. Ukisema "nina vipele sijui ni nini", kuna uwezekano mkubwa upewe tyubu mchanganyiko: steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki pamoja. Inaitwa ya kutibu yote. Mantiki yake inavutia, maana hatujui chanzo, basi tupige vyote. Tatizo ni namna steroidi inavyofanya kazi. Inazima wekundu na muwasho wa karibu kila kitu kwa siku chache, kwa sababu inanyamazisha ulinzi wa mwili mahali pale. Kama chini yake kuna fangasi, wekundu unaisha na fangasi inaendelea kutanuka bila ukingo wake wa kawaida. Ukiacha kupaka, inarudi kubwa zaidi na isiyofanana na choa tena, hata daktari anapata shida kuisoma.

Usoni ni pabaya zaidi. Steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli ikipakwa usoni kwa wiki nyingi hukondesha ngozi, huleta chunusi kuzunguka mdomo, na siku unayoiacha uso unawaka mwekundu kuliko mwanzo. Mtu anadhani ugonjwa umerudi, ananunua nyingine. Wako wanaoishi ndani ya mzunguko huo miaka, na wanaumia kwa jambo ambalo hakuna aliyewaeleza.

Hapo hapo linaingia suala la mkorogo. Mafuta mengi ya kung'arisha ngozi yana steroidi kali, hidrokwinoni au zebaki, iwe imeandikwa kwenye kopo au la. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku hidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazibana nchi kuhusu zebaki, lakini makopo bado yanauzwa. Ikiwa umetumia, mwambie mfamasia au daktari. Usione haya. Bila habari hiyo, kila anayekutibu anakisia.

Kwa hiyo kabla hujalipia tyubu, uliza: "Kaka, hii ina steroidi? Ni kali au nyepesi? Nipake siku ngapi, na wapi nisipake?" Soma boksi pia. Jina linaloishia na -sone, au clobetasol, ni steroidi. Linaloishia na -azole ni la fangasi. Ukikuta yote mawili kwenye boksi moja na hakuna aliyekuambia una ugonjwa gani, rudisha kwenye kaunta. Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni nyepesi, inaweza kutumika kwa siku chache hadi wiki kwenye sehemu ndogo iliyochokozwa na mdudu au sabuni.

Inamfaa nani. Mwenye tatizo linalofanana na jambo la kawaida, alilokwisha kuambiwa na daktari huko nyuma, au anayehitaji kutuliza muwasho wakati akisubiri hatua nyingine.

## Zahanati na kituo cha afya

Kutambua chanzo. Tofauti kubwa na duka la dawa ni chumba chenye mlango. Tabibu anaweza kukuomba uvue shati. Anaweza kupima joto, kugusa, na kupitisha pamba juu ya baka kuona kama unahisi. Hilo la pamba lina uzito wake: baka lililofifia rangi au jekundu, lisilowasha na lisilohisi mguso, linaweza kuwa ukoma. Ukoma bado upo, unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Anayeuwahi haupati ulemavu.

Kituoni kuna pia vipimo ambavyo duka haliwezi kuchukua nafasi yake. Vipele visivyowasha vilivyofika viganjani na kwenye nyayo vinaweza kuwa kaswende, na damu kidogo hutoa jibu. Mkanda wa jeshi kwa kijana, au vipele vya kuwasha vya miezi mingi mikononi na miguuni, ni sababu nzuri ya kukubali kipimo cha VVU kinapotolewa.

Udhaifu nao uko wazi. Mafunzo ya ngozi kwa tabibu wa kawaida ni mafupi, wagonjwa ni wengi, na kuna siku utatoka na cheti cha tyubu ileile mchanganyiko pamoja na antibiotiki. Lakini wako waliobobea. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na wahitimu wake wanafanya kazi kwenye hospitali za wilaya na mikoa. Uliza mapokezi: "Hapa kuna siku ya kliniki ya ngozi?" Swali hilo moja linaweza kukuokolea safari ndefu.

Muda na gharama. Asubuhi moja ya foleni. Ada katika vituo vya serikali si kubwa. Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wamesamehewa kwa mujibu wa sera, na Kenya waliojisajili SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) wanapaswa kuhudumiwa bila malipo kwenye vituo vya ngazi ya 2 na 3. Dawa ikikosekana utaambiwa ukanunue, kwa hiyo beba akiba.

Inapokosea. Hatari ni ndogo kuliko ya kaunta, kwa sababu kuna kadi yenye maandishi na siku ya kurudi. Ukirudi na hujapona, daftari linaonyesha kilichojaribiwa. Tatizo ni kwamba wengi hatufuati tarehe ile. Tunahamia kituo kingine na kuanza upya.

Inamfaa nani. Mwenye wekundu uliozidi wiki mbili, uliosambaa, wenye homa au maumivu, ulioanza baada ya dawa mpya, au uliompata mtoto mdogo au mjamzito. Pia yeyote atakayehitaji barua ya rufaa.

## Bingwa wa ngozi

Kutambua chanzo. Hapa ndipo penye zana. Atakwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini ili kuona fangasi. Atachukua kipande kidogo cha nyama kwenda maabara pale ugonjwa usipojitambulisha. Kwa mzio wa kugusa, ipo mbinu ya viraka: vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa vikitolewa na tena siku mbili baadaye. Mgongo haupaswi kuloweshwa wala kutokwa jasho jingi siku hizo.

Niseme jambo hapa kuhusu "kupimwa mzio wa kila kitu". Kipimo cha damu chenye orodha ndefu ya vyakula hakiwezi kukuonyesha mzio wa piko, wa mkufu au wa losheni. Huo hufanya kazi kwa njia nyingine mwilini. Ukitoka na karatasi inayosema uache maziwa, mayai na ngano, na mkufu ukabaki shingoni, baka nalo litabaki.

Bingwa pia ndiye atakayetofautisha pumu ya ngozi (ekzema) na magonjwa yanayofanana nayo, na kushuku ugonjwa wa ndani: wekundu wa mashavuni unaozidi juani, pamoja na viungo kuuma na uchovu, unaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao ulinzi wa mwili hushambulia mwili wenyewe.

Muda na gharama. Mabingwa ni wachache na wamejikusanya mijini. Muhimbili, KCMC na Kenyatta wana kliniki za ngozi, lakini anayetoka Kigoma au Turkana analipa nauli, malazi na siku za kazi kabla hajalipa kumwona daktari. Tena mara nyingi ziara moja haitoshi.

Inapokosea. Makosa ya utambuzi ni machache. Linaloumiza ni kungoja miezi bila kutibiwa ukisubiri miadi. Jambo jingine ni matarajio. Huenda akakuambia ni pumu ya ngozi, haina tiba ya mara moja, utaishi nayo kwa kupaka mafuta kila siku na dawa inapochachamaa. Wengi hukata tamaa wakisikia hivyo, ilhali hilo ni jibu kamili.

Beba tyubu zote ulizotumia, hata tupu, picha za kila wiki, na orodha ya vidonge. Uliza unapopanga miadi kama uache dawa fulani kwanza, maana dawa ya fangasi iliyopakwa jana inaweza kuharibu kipimo cha leo.

Inamfaa nani. Aliyetibiwa vizuri kituoni na hakupona, anayerudiwa kila mara, mwenye wekundu wa uso uliotokana na steroidi au mkorogo, au ambaye kazi yake (saluni, ujenzi, kubangua korosho) inamgusisha kichokozi kila siku na anahitaji kukijua kwa jina.

Kuhusu kumtumia daktari picha kwa simu: inafaa kwa ufuatiliaji wa tatizo lililokwisha kutambuliwa. Kwa mara ya kwanza, hasa kwenye ngozi nyeusi, picha hupoteza joto, mguso na rangi, yaani vitu vitatu vinavyohitajika zaidi.

## Kulingana na hali yako

Umeamka na wekundu sehemu moja, huna homa, unawasha tu. Anza nyumbani. Kalamini au setirizini kutoka duka la dawa ni nyongeza halali. Ukiona unatanuka baada ya siku tatu, usingoje wiki mbili ziishe.

Nyumba nzima inajikuna usiku. Duka la dawa lenye mfamasia linaweza kutosha ikiwa mtatibiwa wote siku moja. Kama yupo mtoto mchanga au mjamzito, nendeni zahanati kwanza, kwa kuwa dawa na kipimo vyao vinatofautiana.

Umemaliza tyubu mbili na baka linarudi. Acha kununua ya tatu. Zahanati, ukiwa na maboksi mkononi, na uombe rufaa kama hakuna anayeweza kukwangua ngozi na kuipima.

Uso unawaka kila unapoacha cream. Tafuta bingwa, au kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa. Ukisubiri miadi, paka vaselini tupu, jikinge na jua kwa kofia au mtandio, na usipake mchanganyiko mwingine usoni. Kama ulikuwa unaipaka mwilini mwote kwa muda mrefu, kuacha ghafla kunahitaji ushauri wa daktari, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeizoea.

Uko mbali na fedha ni za kubana. Zahanati ya karibu ndiyo njia yako, na maandalizi ya nyumbani ndiyo yanayoipa nguvu: tarehe ulipoanza, picha, orodha ya sabuni, mafuta na dawa. Uliza siku ambayo madaktari wa ngozi hutembelea hospitali ya wilaya au mkoa, kisha panga safari moja badala ya tatu.

Baka haliwashi, haliumi, na ukiligusa huhisi vizuri. Hili ndilo watu hulipuuza, kwa kuwa halisumbui. Nenda kituo cha afya wiki hii, uombe wapime hisia kwa pamba, na uwachukue wa nyumbani kwako nao wakaguliwe.